Heri ya Kukanyagwa

Mtaa wa maduka wa Wakaba ulikuwa unakufa taratibu, na wenyewe walikuwa wameshakubaliana kwamba dawa iliyobaki ni moja tu: kukanyagwa na Zubagon.

Asiyemjua Zubagon hajaingia sinema miaka kumi. Ni zimwi la kutoka baharini, refu kuliko mnara wa televisheni, lenye magamba mgongoni na macho yanayowaka kama taa za baiskeli. Kila mwaka shule zikifungwa, hutoka majini na hasira ambayo hakuna mwandishi wa filamu aliyewahi kuieleza ikaeleweka, likabomoa mji mmoja, likapigwa na vifaru vya kuchezea watoto, kisha likarudi baharini kungoja mwaka mwingine. Na mji uliobomolewa hufunguka bahati. Hoteli moja ya pwani ilivunjwa ghorofa zote, na mwaka uliofuata haikuwa na chumba kitupu. Hoteli ya jirani, ambayo zimwi lilipita bila kuigusa, ilipeleka malalamiko rasmi kwa kampuni ya sinema.

Kwa hiyo Bwana Kisaburo aliporudi kutoka mkutano wa chama cha wenye maduka, amekaza uso kama mtu anayebana chafya, mkewe Tokue alijua kuna jambo. Tokue alikuwa kwenye kiti chake cha juu pale mlangoni mwa hamamu yao, nyumba ya watu wa mtaa kuja kuoga kwa ada, kiti kilichowekwa katikati ili anayekaa aone upande wa wanaume na upande wa wanawake kwa pamoja. Alikuwa amekikalia tangu alipoolewa. Alikuwa ameshawaona wanaume wote wa mtaa wakiwa uchi, wanene kwa wembamba, na kwa sababu hiyo hakuwa na hata mmoja wa kumwogopa.

"Wametuchagua, mama," Kisaburo alisema.

"Nani katuchagua?"

"Kampuni ya sinema. Zubagon atatoka mtoni, atapanda barabara ya stesheni, atakata kona kwenye duka la magodoro."

"Halafu?"

"Halafu anakuja hapa." Kisaburo alishindwa kuendelea kubana, uso ukamfunguka. "Wanalitaka bomba letu la moshi. Hakuna kitu kirefu kama hicho mtaa mzima."

"Na boila?"

"Boila gani tena?"

"Boila inayokohoa huko nyuma. Zubagon ataitengeneza kabla ya kutubomoa, au baada?"

Kisaburo alijifanya hamnazo, akaingia ndani kubadili viatu.

Boila, lile tanuri la kuchemshia maji ya kuoga, ndiyo ilikuwa ugonjwa wa nyumba ile. Fundi alikuwa ameiziba mpaka akaona aibu kudai ujira, na mara ya mwisho aliwaambia wazi kwamba haitamaliza msimu wa baridi. Wateja nao walikuwa wanapungua, maana zile fleti mpya za ng'ambo ya reli kila moja ilikuwa na bafu lake, dogo kama sanduku, lakini lake. Akiba ya kununua boila ya mafuta ilikuwepo benki, ya mume na mke, na sehemu kubwa ilikuwa kimono za marehemu mama yake Tokue, zilizouzwa moja moja huku yeye akitazama pembeni. Walikuwa na mtoto mmoja, Mitsuo, aliyefanya kazi katika kampuni ya kuuza viwanja. Kila akija kuwasalimu wazazi wake alikuwa anaupima ua kwa macho huku akinywa chai. Boila ikifa, hamamu inakufa, na hamamu ikifa, Mitsuo alishasema mahali pale panafaa maegesho ya magari. Hayo Tokue aliyajua kama anavyojua bei ya sabuni.


Mtu wa ndani ya Zubagon alikuwa anaitwa Iwane, na alikuwa anaoga kwao.

Hilo lilijulikana siku zote na halikumshughulisha mtu. Iwane alikuwa mfupi, mnene wa shingo, mpole kupita kiasi. Alizungumza kama mtu anayeomba radhi kwa kutumia hewa ya wenzake. Jioni alikuja kutoka studio akinuka mpira, mabega yamechubuka, akalipa, akajikunja kwenye kona ya birika kubwa la kuogea, chini ya mlima uliochorwa ukutani. Miaka yote hiyo wenye maduka walimsalimu kwa kidevu.

Habari ya filamu ilipoenea, Iwane akawa mtu mkubwa. Bwana Hatanaka, muuza magodoro na mwenyekiti wa chama, mtu ambaye hata mkewe hakuwahi kumwona ameshika dodoki kwa ajili ya mwingine, alipiga magoti nyuma ya Iwane akamsugua mgongo. Muuza tofu akaja na sabuni ya harufu. Muuza viatu akaja na beseni lake mwenyewe. Tokue, juu kwenye kiti chake, aliona mgongo mmoja na sabuni tatu.

"Bwana Iwane, mguu wako wa kulia ndio wenye nguvu, siyo?" Hatanaka alisema huku akisugua. "Mimi duka langu liko kulia ukitokea stesheni."

"Na mimi nimeambiwa nitapigwa na mkia," muuza tofu alilalamika. "Mkia, jamani. Babu yangu alifungua duka lile kabla stesheni haijajengwa, leo nipigwe na mkia kama nzi?"

"Wewe shukuru," Hatanaka alimjibu. "Muuza viatu atatikiswa tu, hata dirisha halivunjiki."

Muuza viatu alimwaga maji ya beseni lake kwa kishindo, akatoka bila kuaga.

Iwane alipomaliza kuoga alisimama mbele ya Tokue akinywa maziwa ya baridi, kama kawaida yake. Tokue alimpa kitambaa kilicholowekwa maji moto ya tangawizi kwa ajili ya bega. Hicho alikuwa anampa tangu zamani, kabla hajawa mtu mkubwa. Na ada ya kuoga alikuwa anaichukua, kama ya mtu yeyote.

"Hivi ukiwa ndani ya lile dude unaona unakokanyaga?" alimwuliza.

"Sioni kitu, mama. Kuna vitundu shingoni mwake. Naona moshi na magoti yangu. Mwongozaji akipiga kelele kushoto, naenda kushoto. Jasho likiingia machoni, hata hiyo kushoto siioni."

"Sasa hawa wanaokupaka mafuta kwa mgongo wa chupa wanatarajia nini?"

"Nimewaambia. Wanadhani nataka waongeze." Iwane aliitazama chupa yake ya maziwa, akainamisha kichwa. "Lakini kwa kweli mgongo umetakata."


Baada ya hapo akaja Nishiwaki, fundi wa studio anayejenga miji midogo ya mfano ya kubomolewa. Alikuwa na kamera shingoni na penseli nyuma ya sikio. Mbele ya hamamu alisimama muda mrefu, mdomo wazi.

Na kweli palikuwa pa kumsimamisha mtu. Mbele ya Matsunoyu, ndilo jina la hamamu ile, palikuwa na paa lililopinda kama la hekalu, mbao zake zimechongwa ndege korongo na mawimbi, zimekuwa nyeusi kwa miaka na moshi. Ukitokea barabarani ungeweza kudhani unaingia kusali, kumbe unakwenda kusugua visigino. Bati lilikuwa limewekwa kiraka upande wa mashariki. Bomba la moshi lilikuwa na ufa mrefu uliokuja na tetemeko moja la zamani, ukapinda katikati kama goti.

"Safi sana," Nishiwaki alisema, akipiga picha. "Safi mno. Paa hili nitalichonga mwenyewe. Na kiraka nitakiweka. Na ufa."

"Ufa pia?" Kisaburo aliuliza.

"Ufa ndio uso wake, mzee. Bila ufa ni bomba tu."

Hatanaka, aliyekuwa amejileta ili apigwe picha na yeye, alicheka mpaka akashika tumbo. "Hongera, Bwana Hamamu. Nchi nzima itauona ufa wako."

Alisema kwa mzaha, lakini mzaha huo ulimwingia Kisaburo mahali pabaya. Alikuwa mtu wa kufagia mlango hata mgeni akiwa msoma mita. Sasa nchi nzima inakuja mlangoni, na mlango una kiraka. Kwa siku kadhaa alikuwa akitoka nje kutazama bomba, akirudi ndani amekunja uso.

"Tutaitengeneza mbele," alimwambia Tokue mwishowe, wakati wanasugua sakafu asubuhi. "Paa lile liondoke. Vigae vya kisasa, rangi ya samawati. Taa za neoni. Bomba lizibwe ufa, lipakwe chokaa."

"Unapamba nyumba inayokwenda kubomolewa?"

"Itakayobomolewa ni ile yao ya studio, mama. Yetu inabaki. Watu wakishaiona kwenye sinema watakuja kutoka mbali. Waje wakute kibanda?"

"Waje waoge maji gani? Hela ya vigae ni hela ya boila."

"Zubagon ataturudishia."

"Zubagon ni Bwana Iwane," Tokue alisema. "Bwana Iwane hana hata mwavuli wake mwenyewe. Hapana, baba. Hela ile haiguswi."

Kisaburo hakubisha. Tokue alipaswa kuogopa hapohapo, maana mumewe si mtu wa kutobisha. Muhuri wa familia ulikuwa unakaa kwenye droo chini ya madhabahu ya wazee wao waliokufa, na bila muhuri benki haitoi kitu. Alasiri moja wakati Tokue yuko kwenye kiti chake, na kiti kile hakiachwi wakati watu wanaoga, Kisaburo alifungua droo, akawaomba wazee radhi kwa kuwapigia makofi mawili, akaenda benki na viatu vyake vya harusi. Makofi mawili ni ya miungu, si ya marehemu. Hata kuomba radhi alikosea.

Tokue alijua pale mafundi walipofika na ngazi. Alisimama barabarani, aproni imelowa, akaona korongo wa mbao wakiteremshwa kwa kamba, mmoja baada ya mwingine, wakatupwa kwenye lori. Alirudi kwenye kiti, na wateja wa siku hiyo wanasema alirudisha chenji bila kumtazama mtu.

Kazi ilipokwisha hamamu ilifanana na benki ya mji mdogo. Majirani walikuja wakainama, wakasema imependeza kweli, imependeza. Jioni Iwane alikuja na beseni lake kwapani, akaipita. Alikwenda mpaka kwenye duka la viatu, akasimama, akarudi, akaipita tena. Mara ya tatu ndipo Tokue alipotoka akamwita kwa jina.


Filamu ilipotoka, chama kilijaza safu mbili nzima katika sinema ya karibu na stesheni. Wanaume walivaa tai. Hatanaka alikuja na mama yake mzee ndani ya kimono yenye nembo ya ukoo, kana kwamba duka lao linakwenda kuposwa.

Ukweli usemwe: ilikuwa filamu mbovu. Zubagon alitoka majini mchana, akafika ufukweni usiku, akavuka daraja mchana tena. Nyuzi za ndege za kivita zilionekana kama kamba za kuanikia. Kifaru kimoja kiliungua mara tatu, na watoto wa safu ya mbele, ambao huwezi kuwadanganya, walikihesabu kwa sauti. Kundi la watu lilikimbia kutoka kushoto, likakimbia tena kutoka kulia, na mama mmoja mwenye kikapu alikuwa anacheka mara zote mbili. Profesa mwenye ndevu za kubandika alitangaza kwamba zimwi limekasirishwa na sisi binadamu, kisha akaingia garini akaondoka, asionekane tena. Na mgongoni mwa Zubagon, alipogeuka kunguruma, zipu ilionekana wazi kutoka shingo mpaka mkia.

Tokue aliyaona yote hayo. Lakini alikuwa anatazama magoti. Zimwi lilikuwa linainua mguu wa kushoto taratibu, kwa kusita, kama mtu anayeingia kwenye maji ya moto kupita kiasi, na akamjua Iwane kabisa. Ilikuwa ajabu kumwogopa na kumhurumia mtu yuleyule kwa pamoja.

Kisha mtaa wao ukatokea.

Safu mbili zikavuta pumzi. Barabara ya stesheni, nguzo za umeme, vibao vya maduka, vyote vidogo, vyote vyao. Mbele ya duka la tofu kulikuwa na ndoo. Jua la taa lilikuwa linazama, na madirishani mlikuwa na mwanga mdogo wa manjano, kama vile ndani kuna watu wanapakua chakula. Mwisho wa barabara ilisimama Matsunoyu. Paa lake lilikuwa limepinda kama zamani, korongo wapo, kiraka kipo, na pazia la mlangoni lilitikisika kwa upepo wa feni. Moshi ulikuwa unatoka kwenye bomba lenye ufa. Tokue aliziba mdomo kwa kitambaa. Alijua ni mbao na gundi na uongo mtupu, lakini ni uongo ambao mtu alikaa akauchonga kwa kisu kidogo, korongo mmoja mmoja, na wale wa kweli walikuwa wameshachomwa kuni mahali fulani. Pembeni yake Kisaburo alikuwa anahesabu korongo kwa kidole.

Zubagon akafika. Mkia ukalifagia duka la tofu, mwenyewe akapiga makofi. Mguu wa kulia ukashuka juu ya duka la magodoro, pamba ikaruka mpaka angani, na mama yake Hatanaka akainuka nusu kutoka kitini, machozi yanamtoka kwa fahari. Zimwi likageukia hamamu. Likainua mguu. Mguu uliobaki chini ukateleza kwenye pamba ya Hatanaka, na Zubagon, tishio la bahari zote, akaenda chali kama mzee kwenye ngazi za mvua. Papo hapo kombora likatokea kusikojulikana, likalipuka, zimwi likanguruma likiwa limelala, na picha iliyofuata lilikuwa linarudi baharini, mchana.

Matsunoyu ilibaki imesimama, moshi unatoka.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Watoto walishangilia hamamu mpaka taa zikawaka, lakini safu mbili za wenye maduka zilimgeukia Kisaburo kwa ile huruma ya waliopata wakimtazama aliyekosa.

"Pole sana, Bwana Hamamu," Hatanaka alisema, akimfuta mama yake machozi. "Labda mwakani."


Kesho yake Iwane alikuja saa ambayo si ya kuoga, amevaa suti, ameshika kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha zambarau. Alipiga magoti kwenye mkeka mbele ya Kisaburo na Tokue, akainama mpaka paji la uso likagusa chini, akasukuma mbele sanduku la halua ya maharage kutoka duka la watu wenye hela.

"Naomba radhi sana kwa kushindwa kuwabomolea," alisema. "Mmenitunza miaka yote hii. Nimewaaibisha mbele ya mtaa."

"Hapana, hapana, sisi ndio wa kuomba radhi," Kisaburo alisema, akainama na yeye.

"Niliteleza. Pamba ilikuwa nyingi mno."

"Si mngerudia?"

"Turudie nini, mzee? Mtaa mzima ulikuwa umeshakuwa vumbi, na hela zilikwisha kwenye daraja. Mwongozaji akasema basi, tutatia kombora la filamu ya mwaka juzi." Iwane alilinyoosha sanduku mkekani. "Bwana Nishiwaki alilia. Nilidhani analia kwa sababu haikuvunjika. Kumbe alilia kwa furaha kwamba kazi ya mikono yake imebaki."

Wanaume wawili waliendelea kuinamiana juu ya lile sanduku, kila mmoja akitaka kuwa chini zaidi. Tokue aliwatazama, zimwi na mumewe, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu lori la mafundi liondoke, na hakikuwa na utamu ndani yake. Sanduku alilipeleka kwenye madhabahu, likakaa pale bila kufunguliwa. Hakuna aliyekuwa na hamu nalo.


Wageni walikuja kweli. Hapo Kisaburo alikuwa amekadiria sawasawa.

Walikuja siku za mapumziko, kwa treni, watoto wameshika Zubagon wa plastiki. Hatanaka alishona mito yenye umbo la unyayo, ikaisha kabla ya adhuhuri. Muuza tofu aliwaonyesha watu kwa fimbo mahali mkia ulipopita. Hata muuza viatu, aliyetikiswa tu, alibandika karatasi dirishani kusema kwamba alitikiswa. Lakini wengi walikuwa wanaulizia kitu kingine. Walikuwa wanaulizia ile hamamu. Katika filamu zote za Zubagon haijawahi kutokea nyumba ikabaki, na watoto, ambao hawakujua habari za pamba, waliamini kwamba hamamu ilimshinda.

Walikuwa wanasimama mbele ya vigae vya samawati, wakitazama huku na huku.

"Ni hapa," Tokue aliwaambia.

"Hapana, mama. Ile ina paa la hekalu."

"Ndiyo hii. Ilibadilishwa."

Baba mmoja alimvuta mwanawe mkono, akamtazama Tokue kama anavyotazamwa mchuuzi wa saa bandia. Tokue alikuwa mtu wa kuheshimiwa mtaani maisha yake yote. Alipanda kwenye kiti, akakaa, na hakumwambia tena mtu kwamba ni hapa.

Boila ilikufa katikati ya baridi, Jumapili, siku yenye wageni kuliko zote. Ilikohoa, ikatoa mlio mmoja mwembamba, ikanyamaza. Wazee wachache waliokuwa birikani walitoka mmoja mmoja wakitetemeka, wakisema si neno, si neno. Fundi alikuja akafungua mlango wake wa chuma, akaufunga bila kuingiza mkono. Tokue alimtazama mumewe. "Ulikata pua ili uunge wajihi," alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisaburo alichukua ufagio akatoka nje, ingawa mlango ulikuwa safi.

Hapo ndipo alipomkuta mgeni mmoja. Alikuwa mtu mzima, karani kwa sura, koti zuri, kamera begani. Kwapani alikuwa na beseni, na ndani ya beseni taulo na sabuni vilivyofungwa vizuri.

"Samahani, mzee. Hamamu ya Matsunoyu iko wapi? Nimetoka mbali, nimekuja kuoga."

Kisaburo alitazama beseni lile. Alitazama taa zake za neoni, zilizoandika jina hilohilo kwa herufi kubwa nyekundu ambazo hakuna mgeni aliyezisadiki.

"Ilibomolewa," alisema. "Zubagon aliibomoa."

"Hapana, mzee." Yule mtu alitabasamu kwa adabu, kama anayemrekebisha mzazi wake. "Hiyo filamu nimeitazama mara nne. Zubagon alianguka. Ile ilibaki."

Kisaburo alisimama na ufagio wake. Mlangoni Tokue alikuwa ameshatoka kuteremsha pazia, maana hamamu isiyo na maji moto haiachi pazia nje, na alibaki amelishika mkononi kusikia mumewe atasema nini.

"Alianguka, ni kweli," Kisaburo alisema. "Nikamalizia mimi."

Yule mtu alicheka kidogo, akidhani ni utani wa wazee. Kisha akainua macho juu ya vigae, juu ya neoni, mpaka kwenye bomba. Chokaa ya haraka ilikuwa imeshaanza kubanduka kwa baridi, na chini yake ufa ulikuwa unatoka tena, mrefu, umepinda katikati kama goti. Kicheko kikamtoka usoni. Alivua kofia.

"Kumbe ni hii," alisema. "Ni yenyewe." Akalipakata beseni kwa mikono yote miwili. "Basi, mzee, naweza kuingia? Nimekuja na sabuni yangu."

Tokue aliingia ndani, na aliporudi alikuwa amebeba lile sanduku la halua ya maharage, bado na karatasi yake ya dukani. Alimpa mumewe. Kisaburo aliweka ufagio chini, akapiga magoti palepale barabarani mbele ya mlango wake wa samawati, akainama mpaka paji la uso likagusa lami, akasukuma sanduku mbele.

"Naomba radhi sana," alisema, "kwa kuibomoa."

Yule mtu alipokea kwa mikono miwili, hakujua atazame wapi. Akatazama pembeni, kwenye ua. Huko alikuwepo kijana mmoja mwenye tai, Mitsuo, aliyekuwa amekuja kuwasalimu wazazi wake. Safari hii hakupima kwa macho. Alikuwa na futi ya kamba, ameifunga upande mmoja kwenye mguu wa bomba, anarudi nayo kinyumenyume kuelekea barabarani.